Pakiti Iliyokaa Juu ya Meko

Kwanza mniruhusu nicheke kidogo. Wiki iliyopita msichana mmoja alifika hapa kwangu Bondeni, Nakuru mjini, na pikipiki, nyuma amefunga kreti ya chupa za maji meusi. Akanisalimia vizuri, akaanza, "Mathe, hii ni kitu mpya kabisa. Ndani kuna wadudu wadogo hauwezi kuwaona, wanalisha mimea." Nikamwuliza chupa zimetoka wapi. Akasema amezichukua Kaptembwo asubuhi, akapita nazo Njoro, akarudi mjini, na sasa ilikuwa saa nane mchana. Nikagusa chupa moja, ikanichoma kiganja.

"Mwanangu," nikamwambia, "wadudu wako wamekufa. Unauza supu."

Alinuna! Nikamvutia kiti, nikamletea maji ya kunywa, nikampokonya ile kreti nikaiweka kivulini chini ya meza. Tukaongea mpaka alasiri. Alipoondoka alisema, "Mathe, hizi hadithi ungeziandika." Basi nimeandika. Ni zake, na ni zenu nyote mliosomea kilimo mkatoka na vyeti, na nyinyi mnaolima kwa kuangalia simu. Sijaandika kwa mpangilio, maana sikumbuki kwa mpangilio. Mnivumilie.

Jina langu ni Zuhura. Nimezaliwa hapa hapa Bondeni, baba fundi cherehani, mama muuza mahamri. Kazi ilinipeleka Kuresoi, kule juu kwenye baridi, nikawa afisa wa kilimo wa nyanjani kwa zaidi ya miaka thelathini. Kule hakuna aliyeniita Zuhura. Waliniita bwana shamba. "Bwana shamba amefika, mpe kiti!" Na bwana shamba mwenyewe amejifunga leso juu ya sweta mbili, mguuni ana gambuti, pua inatiririka. Mara ya kwanza nilijaribu kuwarekebisha. Mzee mmoja akanitazama kwa huruma akasema, "Hiyo ni jina ya kazi, mama. Wewe kaa tu." Nikakaa.

Mwanzoni nilikuwa mjuaji, nisiwafiche. Nilitoka chuoni na kamba ya kupimia mistari, nikakuta kina mama wamechanganya kila kitu shambani: mahindi, maharagwe katikati, malenge yanatambaa chini, pembeni dhania na vitunguu. Mimi nikaona uchafu. Nikawaambia wang'oe, mahindi yakae peke yake yapumue. Wengine walinisikiliza, masikini. Mwaka ule waliong'oa ndio walionipigia kelele kwamba mahindi yamekuwa ya njano na magugu yamewashinda. Waliokataa, walivuna mahindi, wakavuna maharagwe, na malenge walinipa moja nibebe nyumbani. Nililibeba kwa aibu. Lilikuwa zito, tena tamu.

Aliyenifungua macho ni Mzee Njoroge, nyapara wa zamani upande wa Molo, alifanya kazi kwenye shamba la mzungu mpaka likagawanywa. Ulimi wake ulikuwa mkali. Nilimweleza yaliyonipata, akainama, akachota udongo kiganjani, akanisogezea puani.

"Nusa."

Nikanusa. "Sisikii kitu, mzee."

"Basi. Hakuna kitu. Hapa wamepanda viazi, viazi, viazi, na madawa. Udongo umebaki vumbi tu." Akanipeleka nyuma ya nyumba yake, kwenye kitalu cha mkewe kilichochanganywa kila aina ya mboga, akachota tena. Ule ulinukia kama mvua ya kwanza. "Hapa kuna watu wanaishi," akasema. "Wewe huwaoni, na wao hawakutaki na kamba yako."

Hao watu aliowasema ndio vijidudu, bakteria na ukungu mwema. Nilikuwa nimefundishwa habari zao darasani, nikaandika kwenye mtihani, nikapita. Kuwanusa ilikuwa mara ya kwanza. Na maharagwe ndiyo yanayowapenda kuliko mimea yote. Bakteria wanaingia kwenye mizizi, wanajenga vinundu vidogo kama punje za mtama, wanakaa humo wanavuta chakula kutoka hewani wanaulisha mharagwe, na mharagwe unawapa sukari. Mahindi jirani nayo hayana wa kugombania naye chakula, maana mharagwe unajilisha wenyewe. Ndiyo sababu wale kina mama walikuwa sahihi, na mimi na kamba yangu nilikuwa mjinga.

Sasa nifike kwa Mama Cherono. Hii ndiyo sababu hasa ya kushika kalamu.

Mama Cherono alikuwa mjane, ana watoto wanne na kipande cha ekari moja mteremkoni. Mumewe alipokuwa hai walikikodisha kwa watu wa viazi mwaka hata mwaka. Sasa alitaka kulima chakula chake mwenyewe. Lakini shemeji yake Kiplangat, ndugu wa marehemu, alikuwa na mpango wa viazi na wanunuzi wa mjini, na kipande kile kilikuwa kinamwasha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja barazani mbele yangu, akavua kofia, akasema waziwazi:

"Shemeji, nimekupa msimu moja. Hiyo mahindi na maharagwe yako ikifanya vizuri, sitasema kitu tena. Ikishindwa, hapo napanda viazi. Na wewe nitakupa gunia zako za kula."

Mama Cherono akajibu, "Sawa." Alipoondoka akanigeukia. "Nikipewa gunia za kula leo, kesho nitapewa sahani. Bwana shamba, nisaidie."

Basi nikamsaidia. Udongo wa kipande kile niliunusa, haukuwa na kitu, viazi vilikuwa vimeumaliza. Hata bakteria wa maharagwe hawangekuwepo, maana maharagwe hayakuwa yamepandwa pale kwa miaka. Nikamletea pakiti ya bakteria kutoka kwenye duka la pembejeo. Ni unga mweusi, ukiutazama utadhani masizi. Nikamweleza yote: utayeyusha sukari kidogo kwenye maji baridi ili unga ushike, utachanganya na mbegu kivulini, utapanda siku ile ile, usitumie zile mbegu zilizopakwa dawa ya rangi, utafunika haraka jua lisiguse. Akarudia maneno yangu yote, hakukosea hata moja. Mvua ilikuwa bado. Nikiwa naondoka, gambuti moja mlangoni, nikamwambia neno la mwisho:

"Hiyo pakiti uitunze vizuri mpaka mvua inyeshe. Itunze kama unavyotunza mbegu yako."

Mmenisikia? Kama unavyotunza mbegu yako. Yashikeni hayo maneno.

Mvua ilichelewa wiki mbili, kisha ikaja yote kwa pamoja. Barabara ikawa uji, sikuweza kupanda kule juu. Mama Cherono akanipigia simu: "Bwana shamba, nimepanda. Nimefuata yote." Sauti yake ilikuwa na furaha mpaka nikafurahi na mimi, nikajipikia pilau.

Baada ya wiki tatu barabara ilikauka nikaenda. Nilivyofika kwenye kona tu, kabla sijashuka kwenye pikipiki, niliona. Maharagwe yote yalikuwa na rangi ya njano. Si njano ya jani moja la chini, hapana. Shamba zima lilikuwa limefifia, limedumaa. Na Kiplangat alikuwa amesimama pembeni mikono mgongoni.

Nikaomba jembe na karai la maji. Hapa mnisikilize, ni jambo dogo lakini lina maana: mharagwe usiung'oe kwa kuvuta. Ukivuta, vinundu vinabaki ardhini, utadanganyika. Chimba kando, toa na udongo wake, ukaoshe taratibu ndani ya maji. Nikaosha. Mizizi ikatoka mitupu kama uzi. Nikachimba wa pili, wa tatu, wa mstari mwingine. Hakuna hata kinundu kimoja.

"Mama Cherono," nikasema, "ile pakiti uliiweka wapi?"

"Si nilitunza vizuri! Njoo uone."

Akanipeleka jikoni, kwa heshima kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni kitanda cha mtoto mchanga. Juu ya meko kulikuwa na dari ya fito, nyeusi kwa moshi wa miaka. Pale ndipo anapotundika mahindi ya mbegu, na vibuyu vya mbegu za malenge. Kila mama kule anajua: moshi unafukuza dumuzi, joto linakausha, panya hafiki. Ni mahali pa heshima kuliko kabati la vyombo.

"Hapa," akasema. "Kando ya mbegu. Wiki mbili nzima hakuna mtu aligusa."

Ya Rabi. Wiki mbili juu ya moto wa asubuhi na moto wa jioni. Wale bakteria walikaangwa polepole, kwa upendo wote, na mwanamke aliyefanya vile nilivyomwambia. Nilisimama pale nikitazama masizi yananing'inia.

Kiplangat alikuwa ametufuata mpaka mlangoni. "Kwa hivyo nani amekosea?" akauliza.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua. Lakini Mama Cherono akanitangulia. "Ni mimi," akasema. "Nimeweka mahali pabaya. Bwana shamba alinifundisha vizuri." Na mimi, mwanamke mzima, mwenye cheti na kofia ya serikali, nikanyamaza. Nilitazama chini. Kiplangat akatikisa kichwa akaenda zake, na akiwa njiani nikamsikia akihesabu hatua kupima kipande.

Sikulala vizuri siku zile. Duka la pembejeo la Molo likaniambia pakiti zimekwisha, nijaribu baada ya wiki mbili. Nikapiga simu Nakuru mjini, jibu ni lile lile. Wiki mbili kwa mharagwe wenye njaa ni nyingi. Nikaenda kwa Mzee Njoroge, wakati huo amezeeka, anatembea kwa fimbo mbili, lakini ulimi bado mzima. Nikamweleza kila kitu, hata ile ya kunyamaza.

Alicheka mpaka akakohoa. "Umekaanga wafanyakazi, sasa unalia duka limefungwa! Kabla ya pakiti tulikuwa tunafanya nini?"

"Sijui, mzee."

"Tulibeba udongo. Kukiwa na shamba jipya la maharagwe, tunaenda shamba la zamani lililozaa vizuri, tunachukua udongo, tunautia kando ya mizizi. Hao wadudu hawajui pakiti ni nini. Wanajua nyumbani kwao tu." Halafu akaacha kucheka. "Lakini usibebe ugonjwa. Ukichukua udongo wa shamba lenye mnyauko wa viazi, utakuwa umemuua huyo mama mara mbili."

Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha raha, maana Kuresoi nani hajapanda viazi? Nilirudi kwa Mama Cherono kesho yake, tukazunguka, nachota na kunusa, nachota na kunusa, watu wananitazama. Mwishowe nikamwuliza maharagwe ya nyumbani zamani yalikuwa wapi. Akanionyesha juu ya mteremko, nyuma ya nyumba iliyobomoka ya mama mkwe wake marehemu.

"Mama mkwe alikuwa analima hapa tu. Maharagwe na malenge na mboga, kila mwaka. Viazi hakutaka karibu na nyumba, alisema inaleta panya."

Sasa mimi na mtoto wake mkubwa Cherono, aliyekuwa amefunga shule, tulipanda mteremko mpaka pale. Majani yalikuwa yamefika magotini, na katikati yake kulikuwa na maharagwe yaliyojiotea yenyewe, kijani kabisa, kijani cha kung'aa. Nikachimba mmoja. Mizizi imejaa vinundu. Nikapasua kimoja kwa ukucha wa kidole gumba, na hii muijue: kikiwa cheupe ndani au kijani, humo hakuna kazi inayofanyika. Kikiwa chekundu cha waridi, kama nyama ya ndani ya shavu, wamo na wanafanya kazi. Kilikuwa chekundu. Nikakaa chini kwenye majani mabichi na leso yangu nzuri.

Tukangoja siku ya mawingu. Ilipofika, alikuja kila mwanamke wa kikundi cha kina mama cha Mama Cherono na karai. Tulichimba ule udongo asubuhi na mapema, tukaufunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili usikauke, tukateremka nao. Mama Cherono alitangulia na jembe, anafungua mfereji mdogo kando ya mstari, bila kukata mizizi. Nyuma yake tunaweka udongo kwa kikombe. Nyuma yetu wengine wanafunika kwa miguu. Hakuna udongo uliokaa juani hata dakika. Mchana ukanyesha manyunyu, tukapiga vigelegele kama tumeozesha. Kiplangat alipita akasema, "Mnapanda udongo sasa?" Mama mmoja akamjibu, "Ndio, na usipite ndani, utaukanyaga ukiwa bado mtoto." Akapita pembeni. Alipita pembeni kabisa.

Halafu tukangoja. Hapa sina la kuwafundisha, kungoja hakuna mbinu. Kila siku nilimpigia simu. "Vipi?" "Bado njano." "Vipi?" "Bado." Nikaacha kupiga, nikaogopa nitamchosha. Siku ya kumi na tisa simu ikalia nikiwa nakunja nguo. Ni yeye.

"Bwana shamba, kuja."

Akakata. Sikujua ni kuja ya aina gani. Niliondoka asubuhi ya pili bila chai.

Nilivyofika kwenye kona, kabla sijashuka, niliona. Kijani. Si shamba lote, mwisho wa chini kulibaki mistari michache iliyokataa. Lakini katikati na juu, kijani kizito, na maua meupe yameanza. Nilisema Alhamdulillahi kwa sauti mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Mama Cherono alikuwa ameshachimba mmoja, ameuosha, ameuweka juu ya sinia la chai kama mtu anayekaribisha wageni. Kiplangat alikuwa amekaa kwenye kiti, kofia magotini.

"Nimeona," akasema kabla sijasalimia. "Shemeji amenipa moja nikapasua mwenyewe. Nyekundu." Akanyoosha kidole kwenye ukucha wake mwenyewe, ulikuwa na doa. "Mimi neno langu ni moja. Viazi nitatafuta mahali pengine." Akanywa chai yake, akaniuliza kama ule udongo wa mama yake unaweza kutosha na kipande chake cha chini. Nikamwambia utatosha, lakini asipande viazi pale. Akacheka kwa mara ya kwanza.

Alipoondoka tulibaki mimi na Mama Cherono. Mwili wangu ulikuwa mwepesi, lakini kuna kitu kimoja kilikuwa bado kimenikaba, na nikaona nisipokitoa siku ile sitakitoa tena.

"Mama Cherono," nikasema, "ile pakiti. Si wewe uliyekosea. Mimi ndiye niliyekwambia uitunze kama mbegu. Na uliponiokoa mbele ya shemeji yako, nikanyamaza. Nisamehe."

Aliendelea kunimiminia mursik, yale maziwa ya kibuyu, polepole, asimwage.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua ni maneno yako. Nilikumbuka pale pale jikoni. Lakini bwana shamba aliyekuwa hapa kabla yako alikosea mara moja, mbolea ikachoma mahindi ya watu. Watu wakamcheka. Akaona aibu, hakurudi tena mpaka akahamishwa." Akanipa kikombe. "Mimi nilikuwa nataka urudi."

Nililia, sitadanganya. Nililia na maziwa mkononi, na yeye akacheka, kisha akaenda jikoni akarudi na ile pakiti tupu. Alikuwa ameiosha, ameikunja vizuri. "Msimu ujao," akaniuliza, "nitaweka wapi?" Nikamwambia ndani ya mtungi, chini ya kitanda, kwenye giza na baridi. Akarudia maneno yangu yote, kisha akanitazama usoni. "Na kama nini? Sema vizuri sasa."

"Kama maziwa," nikasema. "Itunze kama maziwa."

Siku hizi niko Bondeni, shamba langu ni magunia manne ya sukuma wiki barazani, nimechanganya na dhania na vitunguu, na chawa wa mimea hawajui waanzie wapi. Udongo wa chini kabisa katika yale magunia ulitoka Kuresoi, nyuma ya nyumba iliyobomoka. Cherono aliniletea mwenyewe kwenye gunia lililoloweshwa, alipokuja mjini kuanza chuo cha kilimo. Yule msichana wa chupa nilimpa kiganja kimoja anuse. Alinusa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama anaweza kuacha kreti yake chini ya meza yangu mpaka jua lishuke.